Telefone ya Papa Félicien

Kalemie, tarehe 11 Februari 2024

Kwa Mama Evodie, mama yake Ignas, kule Kigoma,

Amani ya Bwana ikukute mu nyumba yako. Mimi njo Léontine, mama wa Fortunée, ule musichana anayelala kwako sasa. Hatujaonana kwa macho, lakini mutoto wako anakula kwangu na wangu anakula kwako, kwa hiyo nimeona si vizuri tubaki kama wageni.

Ignas alifika salama. Ku enstiti walimupokea kwa makofi, dirékta akasema maneno marefu juu ya Kalemie na Kigoma, kwamba sasa wanafunzi wa rezo, ile mitandao ya kompyuta, watakuwa wanavuka ziwa kila mwaka, na kila nyumba inayotoa mutoto inapokea mutoto. Watu walipiga makofi tena. Mimi nilikuwa nawaza kitanda tu. Nilimupa kitanda cha Fortunée, miguu inatoka inje kidogo, anasema hakuna shida. Ni mutoto wa heshima. Bukari yetu anaiita ugali, basi tunacheka naye.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua, na hawa watoto wanasomea mambo ya kuunganisha dunia. Telefone yangu ni ile ndogo ya kubonyeza, na kupiga ng'ambo inamaliza uniti mbele sijamaliza kusalimia. Tena kuna maneno sitaki watoto wasikie. Papa Prospère anayekata tiketi za bato inayovuka ziwa ni wa kwaya yetu, yeye njo atakuwa anabeba.

Sasa nikuambie kilicho mu roho. Bwana yangu Félicien alitumika ku reli maisha yake yote, yeye njo alikuwa anageuza njia za treni pale gare, ku stesheni. Hakutaka Fortunée asomee hii kazi. Alisema, «Mimi nilitumika chini, mutoto wangu wa kike anataka kutumika juu ya mulingoti wa antena, watu wasimame wamuangalie chini ya nguo?» Fortunée akajibu kwamba atavaa suruali. Hapo njo iliharibika kabisa.

Siku ya safari Félicien alibaki mu nyumba, anatengeneza kiti ambacho hakikuvunjika. Mutoto akasimama mu mulango, akasema, «Papa, ninakwenda.» Yeye akasema, «Nimesikia.» Njo hayo tu. Mungu alitupa mutoto mumoja, Mama Evodie, na huyo mumoja aliondoka hivyo.

Sasa mutoto anamutumia sauti kwa Watsapu, kwa sababu papa yake njo mwenye telefone kubwa hapa kwetu. Anasikiliza, hajibu. Nikimuuliza anasema anawaza. Sitaki kitu kingine mwaka huu, nataka tu hawa wawili waongee mbele mutoto hajarudi. Uniombee kwa hilo.

Juu ya Fortunée: ukimuona anafagia mahali palipofagiwa, jua ana njaa ao ana huzuni. Hatasema.

Dada yako mu Kristo,
Léontine


Kigoma, 25 Februari 2024

Mama Fortunée, dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa miwani.

Mwanao yupo na anakula. Mimi ni mpika sabuni, za mawese, zile za vipande, na siku zake za mwanzo hapa alinikuta nakoroga pipa, akavua viatu akashika mwiko bila kuambiwa. Nikamwambia mgeni hakorogi sabuni. Akasema, «Mimi njo mwenye kukaa hapa.» Sasa watoto wa jirani wanamfuata njiani wakiimba njo, njo, njo. Naye anawajibu njo, njo. Ameshawashinda, wameanza kuchoka.

Chuoni ni wasichana wawili tu darasa zima. Juzi waliwapandisha mnara wa chuo, wamefungwa mikanda, wakageuze ile sahani inayoleta mtandao. Alirudi akajilaza na viatu miguuni, akaniambia nisimwambie mtu. Basi nakuambia wewe.

Jumapili tukitoka misani huwa anapita nyuma ya jiko, anakaa juu ya kinu, anazungumza na simu. Mwanzoni nilidhani anajibiwa, maana huwa anacheka katikati. Kumbe anacheka peke yake. Mumeo nimemweka kwenye rozari yangu, kati ya Ignas na goti langu linalouma.

Kuhusu huyo Ignas, usimwonee huruma. Mpe ndoo akachote maji. Baba yake alipofariki nilimdekeza sana, nikidhani namfariji, kumbe nilikuwa najifariji mimi, na sasa hajui hata kukunja shuka. Akikuambia mgongo unamuuma, ni uongo.

Nakutumia vipande vya sabuni kwa huyo mzee wa tiketi. Asipofikisha vyote, utamjua kwa usafi wake.

Ndimi, yule unayemwita Evodie,
Evodia


Kalemie, tarehe 17 Machi 2024

Mama Evodie,

Kaa chini mbele ya kuendelea kusoma.

Félicien amekufa. Alikuwa ameenda Niemba mwanzo wa mwezi huu, kwa mudogo wake Zacharie, kuangalia shamba la karanga. Ijumaa moja asubuhi alianguka mu shamba. Ni tension, ule ugonjwa wa damu kupanda, ilikuwa inamusumbua toka zamani na yeye anasema ni jua. Muntu wa pikipiki alikuja kutuambia. Tulienda mimi na Ignas, kila mumoja ku pikipiki yake, barabara yote matope, tulifika tayari wamemufunika.

Tulimuzika kesho yake kule kule, mu udongo wa babu zake. Kwa ukoo wao, mutoto wa muzee njo anatupa udongo wa kwanza. Wakaangaliana. Zacharie akasema basi yeye atatupa. Mimi nikasema Ignas. Zacharie akasema, «Huyu mugeni kutoka Tanzania?» Nikamuambia, «Analala ku kitanda cha mutoto, atafanya kazi ya mutoto.» Mutoto wako akatupa udongo, Mama Evodie. Siwezi kusahau mpaka nife.

Sasa kitu ninachokuomba. Usimuambie Fortunée.

Kwetu kifo hakipitishwi ku telefone. Muntu aliye mbali anaitwa kwa sababu ingine, anafika, anaogeshwa, anakula, halafu wanawake wawili wanamukalisha katikati yao njo wanamuambia, mikono yao iko tayari. Hivyo njo tunafanya toka zamani. Na kuna lingine. Nikimuita sasa, Zacharie hatamuachia kurudi. Amesema mutoto wa kike atakaa chini mpaka kilio kiishe, na hata huo mulingoti wenyewe njo ulimuua papa yake kwa mawazo. Masomo yatakuwa yameisha hapo. Mutihani wake ni mwezi wa sita. Matanga tumeyaweka nyuma, tutayafanya akirudi. Hapa mujini wachache njo wanajua, na hao nimewaomba wanyamaze. Ignas ameapa.

Fortunée alinipigia ku telefone yangu ndogo, akauliza papa yake yuko wapi, mbona sauti anazomutumia hazifiki. Nikamuambia yuko Niemba, kule hakuna rezo. Sikudanganya, Mama Evodie. Yuko Niemba.

Léontine


Kigoma, Alhamisi Kuu, 28 Machi 2024

Dada yangu Léontine,

Pole. Nimeandika neno hilo nikakaa nalo muda, halina uzito wa kutosha lakini sina lingine. Mungu ampe Félicien pumziko, na wewe akupe usingizi.

Nimekubali. Nakuambia mapema ili usisome barua yote kwa wasiwasi. Lakini sijapenda, na wewe ukiwa mtu unayenifungulia moyo, acha nami nikufungulie.

Nilipokuwa msichana, shuleni Kasulu, waliniita nyumbani kwamba mama anaumwa. Nikashuka kwenye basi, mwanamke muuza karanga akaniambia pole. Nikamuuliza, pole ya nini? Akageuza uso akaanza kupanga karanga zake. Nikatembea kutoka stendi mpaka kwetu, watu wakinipa pole au wakinikwepa, mji mzima unajua, mimi ndiye mwenye mama na sijui. Waliniogesha pia. Walinilisha pia. Hadi leo siwezi kula ndizi za nazi, ndizo walizonipa siku ile. Kwa hiyo desturi hiyo naijua, ila naijua kwa upande wa yule anayekalishwa katikati.

Nimekubali kwa sababu wewe ndiye mama, na kwa sababu ya huo mtihani.

Ugumu umeshaanza. Nilikwenda kwa katekista kumwandikishia mumeo misa. Akauliza jina la marehemu. Nikakumbuka majina husomwa kwa sauti, na mwanao hukaa ubavuni mwangu. Nikamwambia andika «mtu wa reli». Akaniangalia. Nikamwambia Mungu anamjua. Jumapili likasomwa hivyo hivyo, katikati ya majina ya watu: na mtu wa reli. Fortunée akaitika amina. Kisha akaninong'oneza, «Mama, hata papa wangu ni muntu wa reli.»

Nilijifanya nakohoa.

Mwambie Ignas nimesikia alichofanya Niemba. Nitamwambia mwenyewe pia, lakini aanze kusikia kwako.

Evodia


Kalemie, tarehe 28 Aprili 2024

Mama Evodie, dada,

Unisamehe nimekawia. Maji ya ziwa yamepanda yakaingia mpaka avenue ya chini, watu wa huko wamehamia kwa ndugu, na mashini yangu ya kushona nimeibebesha juu ya meza. Ninashona nimesimama. Miguu inavimba. Nikipiga magoti ku kanisa, kusimama tena ni kazi, wamama wa Legio wananishika kwapa kama muzee. Sijui kama ni uchovu wa kazi ao ni wa ule uongo. Labda ni kitu kimoja.

Nataka nikuambie kitu kimoja kinachonipa nguvu, kwa sababu nimezoea kukulilia tu.

Dada yake Félicien aliniletea vitu vyake kutoka Niemba, vimefungwa mu shuka. Telefone yake kubwa ilikuwamo. Zacharie aliitaka, nikakataa. Ilikaa imekufa mu kabati mpaka nyuma ya Pasaka. Siku moja Ignas aliiwekea kurante, ule umeme, akaiunganisha na rezo ya telefone yake, na sauti za Fortunée zikaingia zote kwa mara moja, kila moja na kamushale kake. Ignas akanionyesha pa kubonyeza.

Nilisikiliza zote, Jumapili nzima. Mama Evodie, sikujua mutoto wangu anaongea hivyo. Kwangu mimi anasema, «Mama, niko muzima, usiwaze.» Kwa papa yake anaeleza mambo, anacheka, anamuchokoza, anaimba. Anamuambia hata woga wake. Toka siku ile kila Jumapili jioni nafunga mulango, nakaa ku kitanda, nabonyeza. Njo chakula changu cha juma. Sijibu kitu, ninasikiliza tu, halafu ninaiweka mu kabati.

Ninajua si mimi anayeongea naye. Lakini nani mwingine atamusikiliza sasa?

Ignas anachota maji. Mugongo wake umepona.

Léontine


Kigoma, 12 Mei 2024

Dada yangu,

Laiti barua yako ingefika mapema, maana tangu katikati ya Aprili nimekuwa nikimtafuta mchawi na mchawi ni wewe. Usikasirike. Soma taratibu.

Fortunée alianza kufagia. Uwanja wangu mimi naufagia asubuhi, yeye anaufagia mchana, na jioni anaufagia tena, mpaka kuku hawajui pa kuchakura. Nikakumbuka ulivyoniambia. Nikamuuliza, hakusema. Nikampa chakula, si njaa. Jumapili iliyopita alipitiliza nyuma ya jiko bila kukaa. Nikamwambia, leo humsalimii baba? Akasema, «Nimemaliza naye.»

Nikamkalisha kwenye kinu nikamwambia sisogei. Ndipo akanionyesha.

Mama Fortunée, ile Watsapu ina alama. Ujumbe ukifika kwa mtu, zinatokea tiki mbili. Yule mtu akiufungua, zile tiki zinageuka buluu huku kwa aliyetuma. Mimi nilikuwa sijui, wewe ulikuwa hujui, lakini hao watoto wanasomea mambo hayo hayo. Mwezi wa tatu ujumbe wake ulikuwa haufiki, akaamini ulivyomwambia, kwamba baba yupo Niemba na hakuna mtandao. Halafu Jumapili moja ya Aprili, jioni, zote zikageuka buluu. Na Jumapili iliyofuata tena, jioni tena. Na iliyofuata.

Aliniambia hivi, nakuandikia maneno yake: «Mama anasema papa yuko Niemba. Niemba hakuna rezo. Telefone iko Kalemie na inafunguliwa. Kwa hiyo papa yuko nyumbani, ananisikia mpaka mwisho, na hataki kunijibu, na mama anamufichia. Nimemuimbia hata wimbo wa Pasaka.»

Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti. Nilikuwa na jibu mdomoni, Léontine. Nilikuwa nalo kabisa.

Kuna kampuni ya Mwanza inayofunga mitandao mashuleni, walikuja chuoni wakachagua wanafunzi. Wamemchagua. Amewaambia ataanza hata kabla ya mtihani wakitaka, na kwamba Kalemie harudi. Anasema, «Nirudi kwa nani?»

Ulimficha ili asiache masomo, na sasa anayaacha kwa sababu ulimficha. Nifungue mdomo. Nakuomba. Sitasema bila wewe, nimeahidi, lakini usiniache na hii ahadi muda mrefu, mimi ni mzee na ina mwiba.

Evodia


Kalemie, tarehe 19 Mei 2024, Pentekoste

Mama Evodie,

Nimesoma barua yako mu biro ya tiketi, mbele ya Papa Prospère, nikaomba kiti.

Nilirudi nikamuita Ignas. Nikamuuliza, «Hii mambo ya buluu, uliijua?» Akashika ndoo ya maji atoke. Nikasema, «Ignas, mimi si mama yako, lakini nitakupiga kama mama yako.» Akasema, «Nilijua.» Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, «Mama, toka Niemba ulikuwa hutabasamu siku hata moja. Jumapili ulikuwa unatoka mu chumba unatabasamu. Nikashindwa.»

Sikuweza kumupiga. Nilienda jikoni nikakaa.

Nilienda pia kwa sista Viviane wa parokia, yeye ni muntu wa maneno machache. Nikamueleza yote. Akaniuliza, «Unamuogopa Zacharie ao unamuogopa mutoto?» Nikasema Zacharie. Akaniangalia. Nikasema mutoto. Akasema, «Basi.»

Ningependa nije mimi mwenyewe. Wakwe wanasema mujane havuki maji mbele ya matanga, na sina nguvu ya kupigana nao hata kwa hilo. Kwa hiyo ni wewe, dada. Umuambie.

Lakini ufanye kama inavyofanywa. Ninajua chakula kile kilikuumiza, usimupe ndizi. Umuchemshie maji. Umupe kitu laini. Tafuta mwanamke mwingine mwenye moyo, mumuweke katikati. Umuambie jina la papa yake lote, Félicien Kabulo, na mahali, na kwamba hakulala mugonjwa. Umuambie Ignas alimushikia nafasi yake pale shimoni. Umuambie ni mimi niliyemukataza kila muntu kusema, wewe usibebe hata nusu.

Na ile ya telefone, umuambie pia. Ile njo naiogopa zaidi ya kifo chenyewe. Kifo si mimi niliyekifanya.

Léontine


Kigoma, 2 Juni 2024

Léontine, dada yangu,

Imefanyika, Jumapili iliyopita.

Nilimwita jirani yangu Lucie, mama wa wale watoto wa njo njo. Ni mwanamke mcheshi, nilihofia atatania, siku hiyo hakutania. Nilichemsha maji nikaweka na majani ya mchaichai. Fortunée alipoyaona bafuni akatoka tena, kanga kifuani, akasimama uwanjani. Akasema, «Mama Evodia, mimi ni muntu mukubwa, na hapa kila muntu anaoga maji baridi. Ni papa ao ni mama?»

Sikuwahi hata kumkalisha. Nikamwambia akiwa amesimama hivyo, na Lucie akamkimbilia kwa nyuma akamshika. Kwa hiyo alikaa katikati yetu, lakini chini, mavumbini. Nilisema jina lote kama ulivyoagiza. Uji niliomwandalia aliunywa baadaye sana, ukiwa umepoa, na aliunywa wote.

Hakulia siku ile. Alilia Jumanne akikoroga sabuni. Nilimwacha akoroge.

Kuhusu Ignas na udongo, aliitikia kwa kichwa tu, kisha akamwandikia kwa simu neno moja, aksanti. Najua kwa sababu Ignas amenipigia akilia, mtoto mkubwa vile.

Kuhusu simu, nilimaliza kumweleza akaniuliza, «Kwa hiyo papa hakunikataa?» Nikaanza kusema hapana, akanizuia kwa mkono. Akasema, «Wewe hukuwepo.» Ana haki. Sikuwepo.

Hataki kuzungumza nawe kwa simu. Anasema sauti yako ataiamini upesi mno. Anataka umwandikie. Ana swali moja tu: katika alizotuma, ni zipi baba alizisikia kwa masikio yake, na alisema nini. Kampuni ya Mwanza ameiambia atawajibu akishapata jibu lako. Mtihani ni baada ya wiki mbili, chuo wamempa ruhusa ya kuufanya au kuuacha.

Sikushauri cha kuandika. Nakuomba tu usimpambie. Wewe na mimi tumeshapamba vya kutosha.

Evodia


Kalemie, tarehe 9 Juni 2024

Fortunée, mutoto wangu,

Umeuliza papa yako alisikia zipi. Nitakujibu vile ilivyokuwa, hata pale ninapotamani ingekuwa vingine.

Alisikia zile za Februari, zote. Ya kwanza aliisikiliza amesimama mu kiwanja, telefone ku sikio kama vile unamupigia. Ilipoisha alisema, «Huyu anaongea sana.» Halafu akaisikiliza tena. Ile ya kupanda mulingoti ilimukuta anakula, akaacha kula. Akamuuliza Ignas mulingoti wa Kigoma una urefu gani. Ignas akamuambia. Papa yako akasema kwamba hata reli ilikuwa na milingoti mirefu zamani, na watu walipanda bila mikanda. Akarudi ku sahani yake.

Nyuma ya pale hakuna ingine aliyosikia. Alienda Niemba bila kuacha neno juu yako. Nimetafuta mu kichwa changu, nimetafuta nikiwa napiga pasi na nikiwa nasali. Hakuna. Mama mwingine angekuambia alikusamehe. Mimi sikumusikia akisema, na nimechoka kukuambia maneno ambayo sikusikia. Vile vile sikumusikia akisema hapana.

Zingine zote ni mimi. Sikujua zinaonekana kwako. Lakini hata ningejua, labda ningesikiliza, nikuambie kweli yote. Nilichukua kitu ambacho hukunipa. Kwa hiyo niko nazijibu sasa, kwa jina langu, si kwa lake.

Uliuliza kama bado kichwa kinamuuma asubuhi. Kilikuwa kinamuuma, akakataa hopitali, na mimi sikumulazimisha vya kutosha. Hilo ninaishi nalo.

Uliuliza kama wameshatengeneza taa ya mbele ya kanisa. Hapana.

Ulisema kule juu unafumba macho, unagusa chuma kwa chuma mpaka ufike. Sikujua wewe unaogopa kitu. Toka utoto wako nilizania wewe njo jasiri wa hii nyumba, nikakuachia kazi za jasiri.

Ulimuimbia Pasaka ukasahau ubeti wa pili, ukacheka, ukasema papa maliza. Nilimaliza mimi.

Ulimuuliza, «Papa, nikikosa mutihani utafurahi?» Hapo nilizima nikatoka inje. Yeye angesema nini, sijui. Mimi sitafurahi.

Ya mwisho ulisema, «Basi, sitakusumbua tena.» Nilizania unataka kusema masomo yamekuwa mengi. Nilisema mu roho, mutoto anajitahidi. Unaona vile muntu anasikia vibaya maneno ambayo si yake.

Kazi ya Mwanza, kama unaitaka, uichukue. Zacharie mimi nitamukalisha. Sikuiti kwa sababu ya kilio, matanga yatakungoja, na yakikungoja mwaka, basi mwaka. Mutihani ufanye ao uuache, ila usifanye moja kati ya hayo kwa sababu yetu sisi wawili. Tumekuchukulia vingi.

Ninasoma pole pole, lakini ninasoma. Hata ukiandika kwa hasira, uandike.

Mama yako,
Léontine


Kigoma, tarehe 23 Juni 2024

Mama,

Barua yako Mama Evodia alinipa akaondoka kwenda sokoni bila kikapu, ili nibaki peke yangu. Alirudi bila kununua kitu.

Mutihani nimefanya. Ule wa mulingoti ulikuwa Ijumaa. Nilipanda macho wazi. Si ujasiri, usiniandikie kwamba ni ujasiri. Nilikuwa nimechoka tu, hata kuogopa kulinichosha.

Hasira haijaisha. Niko naandika nayo. Nilipofika pale ulipoandika «sikumusikia akisema», nilikasirika zaidi, nikatupa karatasi. Halafu nikaenda kuiokota, kwa sababu njo mahali pa kwanza toka Machi niliamini muntu.

Watu wa Mwanza nimewaambia wangoje mpaka Septemba, wamekubali. Ninakuja na bato ya juma lijalo, mumuambie Zacharie aandae matanga. Ignas atakuwa anavuka kurudi kwao, labda tutapishana ku maji. Mumupe chakula cha njia.

Nina ombi moja. Ile ya «huyu anaongea sana», nimeisoma mara nyingi na siijui. Karatasi haina sauti. Alisema kwa kukasirika ao kwa kucheka? Usinijibu kwa barua. Nikifika, mbele ya wamama hawajaanza kulia, utaenda kusimama mu kiwanja pale alipokuwa amesimama, useme vile alivyosema, na sauti yake.

Mimi nitasikiliza.

Fortunée